HABARI ZA TASI NA SAFARI ZAKE ZA MWAKA

Mkulima wa pwani ana mashamba mawili. La kwanza ni lile la mihogo, mtama na minazi, ambalo mipaka yake huijua yeye na jirani yake. La pili hufunikwa na maji mara mbili kila siku; halina mpaka wala hati, na mazao yake huvunwa na kila mwenye dema, wavu au mshipi. Karatasi hii ni ya kueleza zao moja la shamba hilo la pili, yaani samaki aitwaye tasi. Watu wa Unguja, Pemba na Mrima humjua kwa jina hilo. Mombasa na Lamu huitwa tafi, na dema la Unguja huko huitwa lema. Mimi nitasema tasi na dema, na msomaji wa kaskazini aniwie radhi.

Huenda mtu akauliza, bwana shamba ana kazi gani na samaki? Kazi anayo. Samaki wengi tuwapendao hula samaki wenzao, au kaa na kamba, lakini tasi ni mla majani. Hula nyasi za bahari na mwani kama mbuzi alavyo majani ya kondeni, na unono wake hutegemea malisho yake. Tena wakaao karibu na bahari wengi wao hulima asubuhi na kushuka pwani maji yakipwa, na sufuria ya jioni haiulizi kitoweo kimetoka upande gani. Na wale wanaolima mwani kwa kuuza, hasa akina mama wa Unguja, wamekwisha kuonana na tasi shambani mwao. Habari hiyo nitaifikia.

UMBO NA MALISHO YAKE

Tasi ni samaki bapa wa ubavuni, mwenye kinywa kidogo na mdomo mnene. Kwa sababu ya kinywa hicho na ya kula majani, Waingereza humwita samaki sungura. Wataalamu wamempa jina la Kilatini, Siganus sutor, na neno hilo sutor maana yake ni mshona viatu. Watu wa Shelisheli nao humwita kordonnyen, neno litokalo katika Kifaransa, na maana yake ni hiyo hiyo. Aliyewahi kuchomwa na mwiba wa tasi hatahitaji kuambiwa ni wapi fundi huyu anaweka sindano zake.

Miiba hiyo yafaa kuijua kwa hesabu. Mgongoni iko 13, na mbele yake mmoja mdogo uelekeao kichwani, uliofichwa katika ngozi. Nyuma ya tumbo, upande wa chini, iko 7. Kisha mapezi mawili ya tumboni, kila moja lina mwiba upande wa nje na mwingine upande wa ndani, na katikati nyuzi laini tatu. Mpango huo hauonekani katika jamii nyingine ya samaki. Kila mwiba una mifereji yenye sumu. Hiyo ndiyo silaha yake pekee, kwa maana meno yake ni ya kukata majani tu, na magamba yake ni madogo sana hata ngozi yake huonekana kuwa tupu.

Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na kijani au hudhurungi, yenye vitone vyeupe vingi. Lakini rangi ya tasi si ya kuaminiwa. Usiku alalapo kati ya nyasi, au akiisha kushikwa na kutiwa chomboni, hugeuka mara moja akawa na mabaka meusi na meupe. Wageni wa uvuvi hudhani wamepata samaki wa namna mbili.

Mchana kutwa hula. Hutembea kwa makundi juu ya nyasi za bahari, huku na huku ndani ya mwamba, akikata ncha za majani na mwani uotao juu yake. Utumbo wake ni mrefu, kama ulivyo wa wanyama wote walao majani, na daima umejaa. Kwa sababu hiyo yafaa apasuliwe na kutolewa matumbo mapema, maana majani yale huchacha upesi na kuharibu ladha ya nyama. Wavuvi wazuri hufanya hivyo kabla ya kufika pwani.

Kukua kwake ni kwa haraka. Ndani ya kichwa cha kila samaki wa mifupa kuna vijiwe vidogo vya sikio, na vijiwe hivyo huongezeka duara moja nyembamba baada ya nyingine, kama mti uongezavyo duara katika shina lake. Katika tasi duara hizo zaweza kuonekana kwa darubini, na kwa kuzihesabu wataalamu wawili, Bwana Ntiba na Bwana Jaccarini, walieleza mwaka 1988 umri na ukuaji wa tasi wa pwani ya Kenya. Kwa kifupi, tasi hufikia utu uzima akipata yapata mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na wakati huo urefu wake ni kama shubiri moja. Wakubwa kabisa hufikia sentimita 45, yaani shubiri mbili, lakini siku hizi hao ni wachache madukani na sokoni. Shika neno hili la shubiri, tutalihitaji: tasi asiyefikia shubiri, kwa kawaida, hajapata kuzaa hata mara moja.

KALENDA MBILI

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na hesabu mbili za mwaka, na wengine wanazo hata leo. Ya kwanza ni ya mwezi, nayo ni ya dini: miezi 12 ya kuandama, ambayo jumla yake ni siku 354 au 355. Ya pili ni ya jua, inayoanza siku ya Nairuzi, yenye siku 365, na siku zake huhesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Sababu ya kuwa na hesabu mbili ni wazi kwa mkulima. Mwezi wa Rajabu mwaka huu huweza kuwa katika masika, na baada ya miaka kadhaa ukawa katika kaskazi, kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Hakuna awezaye kupanda mtama kwa Rajabu. Kwa hiyo kupanda, na kusafiri kwa pepo, kulihesabiwa kwa miongo. Na maji ya bamvua na maji mafu yalihesabiwa kwa mwezi.

Basi tasi naye hufuata kalenda zote mbili. Kwa jua hujua majira, na kwa mwezi hujua siku.

Majira kwanza. Tangu mwezi wa Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, pepo za kusi huvuma kwa nguvu. Bahari huchafuka, maji hupoa, na mawimbi hupasuka mwambani hata madau na mitumbwi midogo haithubutu kutoka nje. Katika miezi hiyo tasi huonekana zaidi ndani ya mwamba, kwenye nyasi, ametawanyika katika makundi madogo madogo. Kuanzia Novemba upepo hugeuka kuwa kaskazi. Maji hupata joto na kutulia, hata mtu aweza kuona chini kwa pima kadhaa. Hapo mavuno ya samaki pwani yetu huongezeka, maana wavuvi waweza kufika mahali walipozuiwa na kusi, na pia kwa sababu samaki wenyewe wamebadili mwendo wao. Uchunguzi wa tasi wa Kenya uliotangazwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba huzaa kwa vipindi maalumu, hasa Januari na Februari, na tena mara ya pili Mei na Juni. Zamani watu wa elimu walidhani kwamba samaki wa bahari za joto huzaa ovyo mwaka mzima, kwa kuwa huku hakuna baridi kali ya kuwazuia. Tasi alikuwa mmoja wa waliowafundisha vingine.

Sasa siku. Katika miezi ya kaskazi, mwezi ukikaribia kupevuka, tasi wakubwa huacha malisho yao. Wanaume kwa wanawake huanza safari, mwendo wa kilomita kadhaa, wakielekea mahali fulani mwambani, mara nyingi karibu na mlango wa bahari au ukingoni ambako mkondo ni wa nguvu. Mahali hapo si popote. Ni pale pale pa mwaka uliopita. Huko Msambweni, kusini ya Mombasa, wavuvi wa madema walipajua tangu zamani, wakaelekeza vyombo vyao huko kwa mwezi mpevu wa kaskazi. Wataalamu walipofika walianza kwa kuwauliza wao. Kisha waliwatia tasi kadhaa vyombo vidogo vitoavyo sauti isiyosikika na mwanadamu, wakaweka vingine chini ya bahari vya kupokea sauti hizo, wakafuata mwendo wao. Habari zilizotolewa mwaka 2013 zilithibitisha maneno ya wavuvi: tasi hukusanyika tangu Novemba hadi Februari, na mkusanyiko wenyewe hufuata mwezi mpevu. Huko Shelisheli nako wavuvi hutega madema yao mahali wanapokusanyika tasi kwa mwezi mpevu.

Jike mmoja mkubwa hutoa mayai yapitayo laki moja. Kila yai ni dogo sana, kama nusu ya milimita. Mayai ya samaki wengi wa mwambani huelea, lakini ya tasi huzama na kunata juu ya mawe na mwani. Baada ya siku moja au mbili huanguliwa, na watoto, ambao ni wembamba kama nyuzi na miili yao hupitisha mwanga, huchukuliwa na maji. Kwa muda wa wiki tatu au nne hivi huelea baharini wakila vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wengi mno hupotea au kuliwa. Waliobaki hurudi ndani ya mwamba na kushuka katika nyasi za bahari, na huko ndiko hubadili chakula na kuanza kula majani kama wazazi wao.

Kwa nini wachague mwezi mpevu? Wataalamu wengi huona kwamba bamvua ndiyo sababu kubwa, kwa kuwa maji yanayokupwa kwa nguvu huwatoa watoto upesi mbali na vinywa vilivyojaa mwambani. Mimi naliona neno hilo kuwa na maana, lakini samaki mwenyewe hajaulizwa.

HASARA ISIYOONEKANA

Nimeeleza haya kwa urefu ili nifike hapa. Mvuvi anayetega madema mahali pa kuzalia, katika siku za mwezi mpevu wa kaskazi, hupata samaki wengi, wakubwa, walionona, na matumbo ya majike yamejaa mayai. Hupata kwa siku moja kiasi ambacho katika kusi angekitafuta kwa siku nyingi. Akiambiwa kwamba tasi wanapungua, atacheka, na kicheko chake kina hoja: mbona madema yangu yamejaa?

Fikiri juu ya kuku. Mtu mwenye kuku 40 akimwaga mtama mbele ya mlango, watakuja wote, na uwanja utaonekana umejaa. Mwakani wakiwa 25, watakuja wote, na uwanja bado utaonekana umejaa. Wakiwa 15 watakaribiana zaidi pale penye mtama, na mwenye nyumba asiyehesabu ataendelea kuchinja kila Ijumaa. Mahali pa kuzalia tasi ni kama uwanja huo. Samaki wa eneo zima la maji hukusanyika hapo, kwa hiyo wingi uonekanao hapo haupimi wingi uliomo baharini. Tasi waweza kupungua mwaka hata mwaka katika malisho yao yote, na bado dema la mwezi mpevu likatoka limejaa, mpaka mwaka mmoja wasipokuja.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya tasi asiangalie madema ya kaskazi. Aangalie ya kusi, yaliyotegwa nyasini, wakati samaki wametawanyika. Je, yanatoa wangapi kuliko miaka 10 iliyopita? Wana shubiri, au hawana? Wazee wa kijiji waulizwe, maana hesabu hii imo vichwani mwao.

Tunayo bahati moja. Kwa kuwa tasi hukua upesi na kuzaa akiwa na umri mdogo, huweza kurudi upesi pia akipewa nafasi, kuliko chewa ambaye hukawia miaka mingi kupata utu uzima. Kwa tasi, mtu aliyejinyima kaskazi moja aweza kuona faida yake yeye mwenyewe, bila kungoja wajukuu.

Nafasi hiyo ni kiasi gani? Tangu Novemba hadi Februari kuna mwezi mpevu mara nne. Ikiwa kijiji kitaacha mahali pa kuzalia kwa juma moja kila mwezi mpevu, tangu siku moja kabla ya kupevuka, jumla yake ni siku 28 katika siku 365. Wala si bahari yote ifungwayo, bali mahali pale pa mkusanyiko tu. Nyasini mtu aweza kutega. Tena juma hilo ni la bamvua, maji hupwa mbali sana, na ndiyo siku nzuri za pweza na chaza. Na mwenye mshipi aweza kutafuta changu mahali pengine. Kuhusu Mei na Juni sikusema neno, kwa sababu kusi yenyewe hulinda milango ya bahari kuliko sheria yoyote.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelisikia katika vijiji vingi: sisi tukiacha, watakuja wengine wachukue. Neno hili ni la kweli, na ndilo gumu kuliko yote niliyoandika. Kujizuia kwa mtu mmoja hakusaidii kitu. Humpa jirani tu. Kaskazi pia ndiyo majira ya fedha, na Januari watoto hutakiwa shule. Kwa hiyo jambo hili halitafanyika kwa hiari ya mtu mmoja mmoja, bali kwa shauri la pwani nzima, pamoja na vijiji vya jirani vinavyovua mahali hapo hapo. Mamlaka ya kufanya shauri kama hilo yapo. Kenya ilitoa kanuni za vikundi vya usimamizi wa fukwe mwaka 2007, na Tanzania Bara na Visiwani kuna kamati za wavuvi. Na mfano upo. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wanakijiji wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao mwaka 2005, yapata hekta 30, wasivue humo kabisa, na samaki wakaongezeka. Wao walifunga moja kwa moja. Mimi nasema siku 28.

DEMA LENYE NAFASI

Dema ni chombo chema. Halipasui mwamba wala halikwangui nyasi, na samaki hutolewa humo akiwa hai. Ubaya wake ni mmoja, kwamba siku hizi matundu yake hufumwa madogo mno, na mtoto wa tasi aliyeingia hatoki. Dawa yake ni rahisi. Katika pembe za dema acha nafasi iliyosimama wima, upana wa sentimita 3 na urefu wa 30 hivi, ukiimarisha kando zake kwa fito ili samaki wasizipanue. Kwa kuwa tasi ni bapa, mdogo atapenya kwa ubavu na mkubwa atabaki. Majaribio yaliyofanywa pwani ya Kenya, na habari zake kutolewa mwaka 2013, yalionyesha kwamba madema ya namna hii yaliacha samaki wadogo wakatoka, na mapato ya wavuvi hayakupungua, kwa kuwa waliobaki walikuwa wakubwa na wa bei nzuri. Kazi ya kuongeza nafasi hiyo katika dema lililokwisha fumwa haizidi saa moja.

Lakini kama ni dema la waya, fahamu kwamba likipotea baharini halitaoza upesi kama la fito na mianzi, nalo litaendelea kuua samaki wasioliwa na mtu. Lifungie kipande kimoja kwa kamba ya makumbi, ambayo ikioza mlango utafunguka wenyewe.

Juu ya juya, ambalo Tanzania huitwa kokoro, maneno machache yatosha. Hukokotwa juu ya malisho yenyewe, huchukua watoto kwa wakubwa, na hung'oa nyasi. Serikali ya Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001. Shamba lililong'olewa majani hata mbuzi hulikimbia.

WENYE MASHAMBA YA MWANI

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki huko Paje na Jambiani, na tangu siku hizo tasi amekuwa mgeni asiyealikwa. Yapasa mkulima ajue kutofautisha uharibifu wake na ugonjwa. Mwani ulioliwa na tasi hukosa ncha zake. Matawi huwa mafupi, yamekatwa, lakini yaliyosalia ni mazima na yana rangi yake. Mwani mgonjwa huwa mweupe na laini, hukatika wenyewe ukiuvuta, na hilo hutokea zaidi maji yanapokuwa na joto kali katika kaskazi. Anayemlaumu samaki kwa kosa la joto hatapata dawa, wala anayelaumu joto kwa kosa la samaki.

Wanaoliwa zaidi ni wale waliosimika vigingi karibu sana na vichaka vya nyasi za bahari, kwa maana watoto wa tasi hukaa humo na hawapendi kwenda mbali na maficho. Ukiweza, chagua mchanga mtupu ulio mbali kidogo. Usifanye kama wengine wafanyao, kung'oa nyasi chini ya kamba ili upate nafasi. Mchanga ulioshikwa na mizizi ile utaanza kuhama, na mwani wako utafunikwa. Tena utakuwa umebomoa nyumba ya samaki uliyetaka kumla. Wako pia watu waliotega madema katikati ya shamba lao la mwani wakapata tasi bila kwenda mbali. Naona shauri hilo ni zuri, mradi dema liwe na nafasi niliyoieleza.

MWIBA

Nimesema juu ya hesabu ya miiba. Sasa nimalizie dawa yake. Tasi aliyekufa huchoma sawasawa na aliye hai, kwa hiyo anayemtoa katika dema au kumpasua amshike kichwani kwa kitambaa, au amkate mapezi kwanza. Mtu akichomwa, maumivu huja mara moja na huwa makali, na mkono huweza kuvimba, lakini kwa kawaida si ya kuua. Sumu ile huharibiwa na joto. Osha jeraha, toa kipande cha mwiba kikionekana, kisha tia mkono au mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza maji yanapopoa. Joto la maji lipimwe kwa mkono usiochomwa, kwa sababu ule ulio na maumivu hauwezi kujua kama unaungua. Ikiwa uvimbe unapanda, au jeraha limeanza kutoa usaha, au mchomwaji ni mtoto mdogo, apelekwe hospitali siku ile ile.